Ule Wimbo Haukuwa Zaburi

Nianze na hili ili tusipotezeane muda: huko Dubai nilivuliwa uongozi wa kwaya, na leo wakinirudishia, kesho nitavuliwa tena kwa sababu ile ile. Wapo watu ambao mpaka sasa wanasimulia kwamba niliingiza wimbo wa matusi kanisani. Haukuwa wa matusi. Haukuwa zaburi pia, na ugomvi wote ulianzia hapo.

Kazi yangu ilikuwa katika chumba cha sare, chini kabisa ya hoteli moja ya Deira, ukuta kwa ukuta na dobi. Kila nguo iliyovaliwa na mfanyakazi wa hoteli ile ilipita mikononi mwangu: suruali za walinzi, aproni za wapishi, vizibao vya wahudumu. Tulikuwa mafundi wawili, mimi Mkenya wa Vihiga na mwenzangu mama wa Kerala, India, mkimya mpaka ungesahau kwamba yupo. Tulikuwa na cherehani mbili, pasi ya mvuke, na feni iliyokuwa ikihamisha joto kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Waliokuwa wakifanya kazi juu kwenye marumaru hawakujua hata mlango wetu uko wapi, na mimi niliridhika hivyo. Ukishafunga mlango hakuna sir wala madam.

Mpiga kodiani wa ukumbi wa chai alishuka kwetu siku zipu ya gauni lake jeusi ilipokatika. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kutoka Moldova, mfupi, mwenye mikono mikubwa na harufu ya sigara. Kila alasiri alikuwa akiwapigia wageni nyimbo za sinema huku wakila keki. Siku hiyo alijifunga taulo, akakaa juu ya mzigo wa mashuka, nami nikaanza kufumua zipu. Nilipoanza kushona mpya nikasikia anaimba chini chini, akifuata mwendo wa cherehani yangu. Nikiongeza mwendo, anaongeza. Nikisimama, ananyamaza.

Ulikuwa wimbo wenye nota moja iliyopinda. Sijui niieleze vipi. Unadhani sauti inapanda ngazi kama kawaida, kumbe ngazi ya pili imekatwa nusu, kisha ya tatu ni ndefu kupita kiasi, na moyo unajikwaa hapo.

"Huo ni wa wapi?" nikamuuliza. Tuliongea Kiingereza cha hotelini, kile cha maneno machache yanayofanya kazi nyingi.

"Wa nyumbani."

"Moldova?"

Akautazama mlango. Nikaelewa, nikaenda kuufunga.

"Wa Wayahudi," akasema. "Mimi Myahudi. Wa nyanya yangu huo. Alikuwa anashona makoti kiwandani, yeye na wasichana wenzake chumba kizima. Waliutunga wao, kwa Kiyidishi. Si Kiebrania, Kiebrania ni cha sala. Kiyidishi ni cha jikoni na kiwandani."

Sasa nisaidie hapo. Mimi nimelelewa kwenye benchi la kanisa. Wayahudi niliwajua kwa majina tangu sijui kusoma, nimewaimba, nimewaigiza kwenye michezo ya Krismasi nikiwa nimefungwa shuka kichwani. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitamwona mmoja amejifunga taulo anangoja zipu. Nilifurahi kama mjinga. Nikamwuliza kama ameshafika mto Yordani.

"Nimefika Chișinău, Bucharest, Antalya na hapa," akasema. "Maliza zipu, mama. Saa kumi lazima niwe juu."

Baada ya siku hiyo alianza kushuka kila alipopata nafasi. Alinieleza kwamba kwao walipokuwa wadogo kuta za nyumba zilikuwa nyembamba, na mama yake alimziba mdomo kila alipouimba wimbo huo kwa maneno yake, majirani wasisikie Kiyidishi. Tuni ruhusa, maneno hapana. Baadaye wakala aliyempatia kazi za mahotelini alimwambia vivyo hivyo: piga kodiani, sema wewe ni Mromania, basi. Hakuna aliyemtisha pale Dubai, hakuna aliyemwuliza. Lakini mtu akishazoea kuinama, hata mlango ukiwa mrefu ataingia ameinama. Wimbo ule alikuwa ameupiga nchi nyingi bila maneno. Wageni walikuwa wanadhani ni wa Kigiriki, wanapiga makofi, wanaagiza chai nyingine.

Alinifundisha pia kwamba Wayahudi si kwaya ya sauti moja. Wako wa upande wake, wa Ulaya ya baridi, wenye kodiani, fidla na klarineti. Na wako wengine ambao mababu zao walifukuzwa Hispania zamani sana wakatawanyika Uturuki, Ugiriki na Moroko, nao mpaka leo wanaimba kwa Kihispania cha kale, nyimbo za arusi na za mapenzi zenye miondoko ambayo Mwarabu akiisikia anatikisa kichwa. Siku moja mzee mmoja kutoka Istanbul alimsogelea pale juu akamwomba kwa kunong'ona wimbo wa namna hiyo, ule ambao mama yake alikuwa akimwimbia bibi arusi anapopelekwa kuoga. Aliujua kidogo, akampigia. Mzee akasikiliza akiwa ameikazia macho sahani yake, akaondoka bila kusema neno. Wote wawili walijuana, na hakuna aliyetamka.

"Sasa vijana wa huko Ulaya na Marekani wanaziimba waziwazi," alisema, akanionyesha sidii moja. "Wanaweka magitaa ya umeme na ngoma. Wanapiga kelele! Mimi mzee, hata kwa kunong'ona sijaweza."

Wimbo wenyewe alinifafanulia neno kwa neno mpaka nikaupata kwa Kiswahili. Ubeti wa kwanza msichana anaiambia sindano: umeyala macho yangu mchana, usiku unataka nini tena; koti ni la tajiri, baridi ni yangu. Wa pili unasema: saa ya ukutani bwana ameifunga kwa ufunguo ili tusijue jioni imefika, lakini saa ya tumboni ufunguo wake hana. Wa tatu ndio uliokuja kuniponza: bwana mkubwa, hiyo suti yako tumeishona sisi, uzi wa kuuvuta tunaujua.

Niliposikia huo wa tatu nilicheka mpaka mama wa Kerala akainua kichwa. Nikamtafsiria. Naye, mama ambaye sikuwahi kumwona meno, akacheka.

Mkataba wa mpiga kodiani ulikuwa unakaribia kwisha, na hoteli ilikuwa imeshapata vijana wawili wa piano na saksafoni. Siku aliyoniambia hivyo nilimwona amenywea. Akasema jambo moja tu lilikuwa linamuuma. Wimbo ule ulitungwa uimbwe na chumba kizima cha wanawake, na yeye katika maisha yake yote alikuwa ameusikia kwa mdomo mmoja tu, wa nyanya yake. Wale wengine waliishia kwenye vita. Alitaka kuusikia mara moja, na maneno yake, kwa sauti nyingi, mbele ya watu, kabla hajapanda ndege.

"Mimi nina kwaya," nikamwambia.

"Kwaya ya nini?"

"Ya Wakenya. Utaimbiwa. Nakuahidi."

Ahadi ni deni, na mimi sikuitoa kwa kubahatisha. Kwaya ya ushirika wetu niliijenga kwa mikono yangu. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya ibada Dubai, na mchana wake baada ya ibada tulifanya mazoezi katika fleti tuliyopanga akina dada watano huko Al Baraha, sofa zikisukumwa ukutani. Walikuwepo wasafisha vyumba, walinzi, wapakiaji wa maghala ya Freezone, lile eneo la biashara huria, na yaya wawili waliokuwa wanapewa ruhusa kwa kubembelezwa. Nilimleta pale na kodiani yake.

Kama angeshuka kutoka mawinguni wasingempokea vizuri zaidi. Nilikuwa nimesema tu, "Huyu mgeni wetu ni Myahudi, atatufundisha wimbo," na chumba kikalipuka kwa vigelegele. Mama mmoja wa sauti ya pili alianguka magotini. Mwingine akaleta chupa ya mafuta ya zeituni kutoka jikoni amwombe ayabariki. Kabla sijageuka, watu wameshatoa pasipoti zao zikapangwa miguuni pake, zenye visa zilizokaribia kwisha zikawekwa juu.

"Wanataka nini?" akaniuliza.

"Wanataka uwaombee. Wewe ni wa taifa teule."

"Mimi?" Akazitazama pasipoti zile, kisha mimi. "Waambie mara ya mwisho niliomba kabla ya mtihani wa muziki, na nikaanguka."

Niliwatafsiria. Walidhani ni unyenyekevu, wakazidi kumpenda. Ndipo alipokasirika. Alisimama, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani kwamba yeye si mtu wa kwenye picha ya Biblia. Ana magoti mabovu, ana binti asiyempigia simu, anavuta sigara, na amekuja kuimba. Kwaya ikarudisha pasipoti mifukoni kwa aibu. Yaya mmoja akamletea chai na mandazi, naye akayala matatu mfululizo. Baada ya hapo wakaweza kumwona.

Kumfundisha mtu maneno ya kigeni ni kazi ndogo kwa kwaya za kwetu. Tumeimba Kilatini, Kizulu, hata Kikorea, bila kujua tunasema nini. Shida ilikuwa nota ile iliyopinda. Sisi tumekuzwa kwa solfa, do-re-mi iliyonyooka, na sikio letu lilipofika pale kwenye ngazi iliyokatwa liliirekebisha lenyewe. Nikigawa sauti nne, wanaziimba kwa utamu mpaka unataka kulia, lakini wimbo umeshageuka kuwa wa kitabuni, umevaa viatu na soksi. Mwenyewe alikuwa anafunga kodiani kwa kishindo.

"Mmeunyoosha tena! Uacheni umepinda. Hamjaelewa? Hawa wamekaa wameinama kutwa nzima. Hakuna mgongo ulionyooka humo ndani!"

Mwishowe niliwaambia waache solfa, waketi chini wakunje migongo kama wanaoshona. Akina mama wakacheka, wakakaa, wakainama. Nota ikakaa mahali pake.

Wakaniuliza maana yake. Niliwaeleza yote, ubeti kwa ubeti. Sikuwa na sababu ya kuficha. Mlinzi mmoja wa sauti nzito akasema, "Ngoja, mwalimu. Hiyo ya saa kufungwa kwa ufunguo, hiyo ni sisi kabisa. Si kule ghalani walitoa saa ukutani?"

"Na hiyo ya baridi ni yangu," akadakia mama wa vyumba. "Mimi hutandika vitanda vya watu, halafu kwangu kitanda kimoja tunalala kwa zamu na msichana anayelala mchana."

Basi wimbo ukawa wao. Tukaandika tafsiri, tukapanga: ubeti kwa Kiyidishi kwanza, kisha kwa Kiswahili. Hakuna aliyesema kwamba haufai kanisani. Daudi mwenyewe alimlalamikia Mungu juu ya watu waliomwonea, na hatujawahi kumkatia kipaza sauti.

Mwenyekiti wa ushirika alipata habari katikati ya juma. Alikuwa msimamizi wa walinzi, mwanamume wa kutegemewa, aliyezika watu wetu na kuwasafirisha, sitaki kumfanya shetani. Alinipigia akanitaka nionane naye nje ya duka la vipuri pale Al Baraha. Ijumaa inayokuja, akasema, ni ya shukrani, na mgeni rasmi ni sir fulani, mwenye kampuni iliyokuwa inapeleka wafanyakazi kwenye maghala na mahoteli. Nusu ya waumini wetu walikuwa wafanyakazi wake. Ndiye aliyetununulia spika mpya, na ndiye aliyekuwa anaamua nani apate Ijumaa ya mapumziko na nani asipate.

"Sasa wewe unataka kusimama mbele yake umwambie utamvua suti?"

"Mwenyekiti, ni wimbo wa washonaji wa zamani. Wako makaburini."

"Dada, mimi sikukatazi. Imbeni. Lakini imbeni hiyo Kiyahudi tu, Kiswahili mkiache. Mimi nitatangaza ni zaburi ya kale kutoka Nchi Takatifu. Watu watabarikiwa, sir atafurahi, khalas, yameisha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Funika kombe mwanaharamu apite. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Hujasikia hiyo?"

Nilikuwa nimeisikia. Nimeisikia maisha yangu yote, na kila mara anayeisema si yeye anayebusu. Nilimwambia nitafikiri, nikaondoka nikiwa nimechemka mpaka masikio.

Nilipomweleza mwenye wimbo, nilitegemea atawaka. Hakuwaka. Alikuwa amekaa juu ya mashuka yake, akatikisa kichwa polepole.

"Sawa," akasema. "Zaburi, sawa. Wimbo wa Kigiriki, wimbo wa Kiromania, zaburi. Nimezoea. Khalas, habibti. Usipoteze kwaya yako kwa ajili yangu."

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira kamili. Si kwa mwenyekiti; kwa neno lile, nimezoea. Hoteli nzima ile ilikuwa imesimama juu ya neno lile. Nilimwambia kwamba mimi niliahidi sauti nyingi na maneno yake, sikuahidi zaburi ya uongo. Akiamua kutokuja asije, lakini akija, wimbo utaitwa jina lake.

Ijumaa ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama mlangoni. Sir aliketi mstari wa mbele, mzee wa Kihindi mwenye suti ya kijivu iliyomkaa vizuri, akitabasamu kwa adabu kwa mambo asiyoyaelewa. Mpiga kodiani alikaa kwenye kiti cha plastiki kando yetu, amevaa lile gauni jeusi, kodiani magotini. Mwenyekiti hakunipa nafasi ya kusema. Alikishika kipaza sauti mwenyewe akatangaza zaburi ya kale, iliyoimbwa hekaluni, imeletwa kwetu na binti wa Sayuni. Watu wakapaza haleluya.

Tulianza. Kwaya ilijikunja mgongo kama nilivyowafundisha, na ubeti wa kwanza ukatoka umepinda barabara. Nilimtazama mwenye wimbo. Alikuwa amefumba macho, vidole vikitembea juu ya vitufe. Nilijua anachokisikia. Kilikuwa chumba kizima.

Ubeti ulipokwisha, sir akamwinamia mwenyekiti akamwuliza kitu. Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa na kipaza sauti mkononi na hakuwa na haraka ya kukitua, akamjibu kwa Kiingereza na ukumbi mzima ukasikia. Wimbo huu, sir, unamshukuru Mungu kwa kazi, na kwa waajiri wema.

Kodiani ikanyamaza.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini mwenye wimbo alinitangulia. Alisimama na kodiani yake kifuani.

"Hapana, sir," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ukumbi ulikuwa kimya. "Samahani. Mimi Myahudi wa Moldova. Huu si wimbo wa hekalu. Nyanya yangu alishona makoti, huu ni wimbo wake. Hausemi asante. Sasa nitauimba unavyosema."

Mwenyekiti akafanya ishara, na kijana wa mitambo akazima kipaza sauti chetu. Akasahau kwamba kodiani haihitaji umeme, na kwamba mimi nimekulia mahali ambapo unamwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mwenye wimbo alipiga tena kutoka mwanzo. Akaimba mstari kwa Kiyidishi, nami nikautamka kwa Kiswahili hadi mlangoni. Sindano imeyala macho. Baridi ni yangu. Nyuma yangu nilisikia viti: baadhi ya wanakwaya waliketi wakainamisha vichwa. Walikuwa watu wa sir, wana watoto kwao wanaosomeshwa na mshahara ule. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Lakini wengi walibaki wamesimama, wakapokea. Tulipofika saa ya ukutani, sauti zilianza kutoka mahali ambapo kwaya haikuwepo, katikati ya waumini, watu wasiojua hata tuni, wanarudia tu maneno.

Ubeti wa tatu niliuimba nikiitazama suti ya kijivu. Bwana mkubwa, tumeishona sisi. Uzi wa kuuvuta tunaujua. Kuna mtu alipiga kigelegele na mumewe akamziba mdomo.

Tulipomaliza, mwenye wimbo alibaki amesimama. Alikuwa analia na hakujifuta. Sir hakupiga makofi, wala hakukunja uso. Baada ya sala alinywa chai nusu kikombe, akaita dereva wake, akaenda.

Wiki ile watu walilala na simu mikononi wakingoja kusikia nani kafukuzwa. Hakuna aliyefukuzwa. Ratiba za zamu zilitoka kama kawaida, Ijumaa zikabaki zilivyokuwa. Sijui kama sir alikasirika au aliona ni mambo ya Waafrika. Adhabu ilitoka kwetu wenyewe. Kamati ilikaa Jumapili jioni, ikanivua uongozi wa kwaya kwa kuudhalilisha ushirika mbele ya mgeni. Ila kama ningesimama Ijumaa inayofuata nikaomba msamaha mbele ya wote, wangefikiria kunirudisha baada ya muda. Mwenyekiti aliniletea habari hiyo mwenyewe, kwa huruma. "Maneno mawili tu, dada. Yameze yaishe."

Nililia, sitadanganya. Kwaya ile ndiyo iliyokuwa inanifanya niwe mtu. Juma zima nilikuwa mkono unaokunja pindo za suruali. Ijumaa nilikuwa mwalimu. Niliwaza kuyasema hayo maneno mawili, nikayapima mdomoni, nikaona yanapita. Karibu niyaseme.

Siku ya kuondoka kwake, mpiga kodiani alishuka chumba cha sare kuaga. Alimkumbatia mama wa Kerala, akanikumbatia mimi, kisha akafunga mlango mwenyewe. Nilimweleza habari ya msamaha. Akasema wimbo ule haukuishia pale tulipoishia. Upo ubeti wa nne. Hakutufundisha kwa sababu wale wasichana walikuwa na mwiko: hauimbwi na aliye kazini. Kiwandani kwao msichana akifukuzwa, wenzake walisimamisha cherehani, naye akauimba peke yake akielekea mlangoni. Hata nyanya yake aliuimba mara moja tu.

"Sasa wewe umefukuzwa," akasema. "Njoo, nikufundishe."

Niliushika papo hapo. Aliondoka na gari la hoteli la mchana, kodiani kwenye sanduku lake, na sikumwona tena.

Ijumaa ile niliitwa mbele. Ukumbi ulinyamaza kwa huruma ile ya watu wanaokuombea ujidhalilishe vizuri. Mwenyekiti alinipa kipaza sauti, akanitikisia kichwa kunitia moyo. Nikakirudisha mkononi mwake.

"Ndugu zangu," nikasema, "nimekuja kuomba radhi. Ijumaa iliyopita tuliwaimbia beti tatu, na wimbo una nne."

Kisha nikauimba, kwa nota ile iliyopinda, nikitembea katikati ya viti kuelekea mlangoni, na hakuna aliyesimama kunizuia:

Umenifukuza, bwana, nimetoka na mikono yangu yote miwili. Kiwanda ni chako. Fundi ni mimi.